Nchi Isiyotaka Nyekundu

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na hapa, kwa hiyo msomaji hana haja ya kufunga mlango wala kupunguza sauti. Inaitwa Jamhuri ya Shwari. Wimbo wake wa taifa una beti sita na zote zinasema hakuna tatizo. Wizara zake ni nyingi kuliko mito yake, na mojawapo ni Wizara ya Afya, Ustawi na Tabasamu. Katika wizara hiyo, ghorofa ya pili, kwenye chumba kisicho na dirisha, ndimo alimofanya kazi Liberati Chogwe, mtakwimu daraja la tatu.

Liberati alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mtu mpole, wa kuitikia "sawa" kabla hajaambiwa jambo lenyewe. Kazi yake ilikuwa mikono ya watoto. Kila Jumatatu wahudumu wa afya wa vijijini walimpigia simu kutoka wilaya zote za Shwari, wakamsomea walivyopima mizingo ya mikono ya watoto wadogo, naye akaiingiza kwenye lahajedwali ya kompyuta: jina, kijiji, sentimita. Mkono wa mtoto hausemi uongo. Mama anaweza kuona haya kusema kwamba nyumbani hakuna chakula, lakini mkono unasema.

Jambo ambalo Liberati alijivunia ni kanuni ya rangi. Aliiandika mwenyewe, bila kutumwa na mtu. Ukiingiza kumi na mbili na nusu au zaidi, kisanduku kinageuka kijani: mtoto mzima. Chini ya hapo kinakuwa cha manjano: mtoto wa kuangaliwa. Chini ya kumi na moja na nusu kinawaka nyekundu, na maana yake ni moja tu: mtoto huyu njaa inamuua, apelekewe upesi chakula dawa, lishe ya pakiti inayotibu utapiamlo. Kila Jumanne karatasi ya rangi ilichapishwa ikapelekwa bohari, kwa Mzee Gaudensi mtunza stoo, ambaye alifuata Waraka Namba Kumi na Nne kama watu wengine wanavyofuata dini. Waraka ulisema: penye nyekundu, gari liende, boksi moja kwa kila mtoto.

"Mimi siongozwi na njaa ya mtu," alipenda kusema Mzee Gaudensi. "Naongozwa na waraka."

Na kwa kuwa waraka ulikuwa mzuri, magari yalikwenda, na watoto walipona.

Kati ya wote waliompigia, Liberati alimzoea zaidi Skolastika Ndimbo wa Wilaya ya Kavumo, mama wa makamo aliyezunguka vijiji vitano kwa miguu na mkanda wa fundi cherehani shingoni, maana mikanda rasmi ya wizara ilikuwa bado inasubiri kuzinduliwa. Kwa miaka minne walijuana kwa sauti tu.

"Haya mwanangu, umekaa vizuri?"

"Nimekaa, mama. Soma."

"Hamza wa Mzee Timbwa, kumi na mbili nukta tisa. Huyo anakula mpaka udongo. Tausi wa Somoe, kumi na moja nukta nane. Huyu simpendi alivyo wiki hii. Mwekee alama."

"Inajiweka yenyewe, mama. Imeshakuwa manjano."

"Basi hiyo kompyuta yako ina macho," alisema Skolastika, na Liberati alifurahia neno hilo siku nzima.

*

Mwaka ule mvua haikunyesha Kavumo. Serikali ilitoa tamko kwamba mvua imenyesha kwa wastani.

Wakati huohuo Waziri, Mheshimiwa Dokta Kanali Mstaafu Onesfori Matandiko, aliwaleta wageni kutoka ng'ambo waje waone ukumbi mpya wa wizara, wenye skrini kubwa ya ukutani iliyounganishwa moja kwa moja na kompyuta ya Liberati. Skrini ikawashwa. Kavumo ilikuwa nyekundu kuanzia juu mpaka chini, na wilaya mbili za jirani zilianza kuifuata.

"Hizi nyekundu ni nini?" akauliza mgeni mmoja.

"Mapambo," akajibu Waziri.

Wageni walipoondoka, Liberati aliitwa. Alisimama mbele ya Waziri akiwa ameshika kalamu kwa mikono miwili.

"Nani ameweka hii nyekundu?"

"Inajiweka yenyewe, Mheshimiwa. Ni kanuni."

"Kanuni iliyopitishwa na Bunge lini?"

"Haijapitishwa, Mheshimiwa. Niliiandika mimi."

Waziri aliwageukia wasaidizi wake, uso umemwiva. "Mmesikia? Katika nchi hii kuna kanuni inafanya kazi bila kupitishwa na Bunge!"

Washwari walikuwa wamezoea kanuni zilizopitishwa na Bunge bila kufanya kazi, kwa hiyo hofu ya Waziri ilieleweka. Siku ileile iliundwa Kamati Maalumu ya Kuchunguza Chanzo cha Wekundu, wajumbe kumi na wanne, ikakaa wiki tatu kwenye hoteli ya ufukweni. Kamati ilibadilisha skrini. Ilibadilisha nyaya. Ilimhoji muuza wino. Mwishowe ikatoa taarifa ya kurasa mia mbili na kumi na mbili iliyosema kwamba wekundu unatokana na namba kuwa ndogo, na namba kuwa ndogo kunatokana na mikono kuwa myembamba, na sababu za mikono kuwa myembamba ziko nje ya hadidu za rejea. Kamati ilipendekeza rangi ishughulikiwe kitaalamu.

*

Kushughulikia kitaalamu kuliangukia kwa Katibu Mkuu, Bibi Auleria Njovu, mwanamke mwenye sauti laini ambaye hakuwahi kumgombeza mtu. Alishuka mwenyewe mpaka kwenye kile chumba kisicho na dirisha, akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

"Mdogo wangu Liberati, hakuna anayekwambia ughushi. Umesikia? Namba ni takatifu. Namba hatuzigusi. Tunagusa rangi tu."

"Ndiyo, mkuu."

"Hiyo kumi na moja na nusu ilitoka wapi?"

"Kwa wataalamu wa dunia, mkuu."

"Dunia ina mikono yake, na Shwari tuna mikono yetu. Andika tisa. Juu ya tisa yote iwe kijani. Hiyo manjano iondoe, inatia watu wasiwasi."

Liberati alitaka kusema kwamba mtoto mwenye mkono wa sentimita tisa hahitaji gari, anahitaji sanda. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, kwa mpangilio mzuri kabisa. Aliyafikia, akayaruka.

"Sawa, mkuu," akasema.

Ilichukua sekunde saba. Alifuta kumi na moja na nusu, akaandika tisa, akabonyeza. Jamhuri nzima ikawa kijani mbele ya macho yake, Kavumo nayo, kama shamba lililonyeshewa. Namba zilikuwa palepale, kumi na moja nukta moja, kumi nukta nane, hazikuguswa hata moja, na Liberati akaling'ang'ania hilo kama mtu anayeshikilia suruali isiyo na mkanda. Sikughushi, alijiambia. Sijagusa namba.

Wiki iliyofuata alihamishiwa chumba chenye dirisha, akapewa kiti cha kuzunguka. Dirisha lilitazama ua wa bohari. Magari sita ya chakula dawa yalikuwa yameegeshwa pale kwa mstari, na Liberati akageuza kiti, akakaa akilipa dirisha mgongo.

*

"Mwanangu, gari halijaja," alisema Skolastika Jumatatu ya kwanza.

"Liko njiani, mama."

Akaandika alivyosomewa. Tausi wa Somoe, kumi na moja nukta moja. Kijani.

"Mwanangu, gari hatujaliona," alisema Jumatatu ya pili. Hamza, aliyekuwa anakula mpaka udongo, alikuwa kumi na moja nukta nne. Tausi kumi nukta tano.

"Labda limeharibika njiani, mama. Nitafuatilia."

"Fuatilia, baba. Nakuamini."

Alikata simu, akabaki ameishika. Hakufuatilia, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kufuatilia. Magari aliyajua yalipo, yalikuwa nyuma ya mgongo wake. Mchana ule walipokwenda kula kwenye kantini, alichota ugali, akaufinyanga, akautazama ule utonge katikati ya vidole, kisha akaurudisha kwenye sahani. Wenzake wakamwambia cheo kipya kimemlevya.

Jumatatu ya tatu Skolastika hakuuliza habari ya gari. Alisoma majina kwa sauti ya chini mpaka akafika katikati ya orodha.

"Tausi wa Somoe mfute."

"Nimfute vipi, mama?"

"Alikufa jana, mwanangu. Tunamzika leo jioni. Mfute."

Liberati aliifuta namba. Jina likabaki, na mbele yake kisanduku kitupu. Kisha, mbele ya macho yake, kisanduku kile kitupu kikawaka nyekundu.

Kompyuta haijui kufiwa. Kisanduku kisicho na kitu hukihesabu sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko tisa. Katika Jamhuri nzima ya Shwari, yenye maelfu ya watoto wenye njaa, mtoto mmoja tu ndiye alionekana yuko hatarini, naye alikuwa amekufa. Liberati alikitazama kile kisanduku, mkono ukiwa juu ya kibonyezo. Hakukigusa. Hicho ndicho kitendo cha ujasiri alichokifanya siku ile: kutobonyeza.

*

Jumanne karatasi ilikwenda bohari. Mzee Gaudensi alivaa miwani, akaona nyekundu moja, akaamuru gari moja na boksi moja. Jumatatu iliyofuata Skolastika alieleza yaliyotokea.

"Gari lilikuja Alhamisi, mwanangu. Nilipiga vigelegele, nakwambia, watu wakatoka majumbani. Dereva akashuka na daftari, akasema, namtafuta Tausi wa Somoe, aweke dole gumba hapa apokee boksi lake."

Liberati alikandamiza simu sikioni.

"Nikamwambia, baba, huyo tumeshamzika. Nipe boksi nimpe Hamza, ana kumi na moja nukta mbili, hata kulia halii tena. Akaangalia karatasi yake, akasema Hamza ni kijani. Akasema akimpa mtu wa kijani atafukuzwa kazi. Somoe alikuwa amesimama pale pale anasikia jina la mwanawe linaitwa. Unanisikia, mwanangu?"

"Nakusikia, mama."

"Akageuza gari, akaondoka na boksi."

Kwenye daftari la bohari Mzee Gaudensi aliandika kwa mwandiko wake mzuri: *Mlengwa hakupatikana.*

Alasiri ile Bibi Auleria aliingia chumbani kwa Liberati bila kubisha hodi. Waziri alikuwa ameona doa jekundu kwenye skrini wakati anakunywa chai.

"Nyekundu imetoka wapi, mdogo wangu? Si tulikubaliana?"

"Mtoto amekufa, mkuu. Kisanduku ni kitupu. Kompyuta inakisoma sifuri."

Kwa haki ya Mungu uso wa Bibi Auleria ulionyesha huzuni. Kisha akasema kwa ile sauti yake laini, "Na kitupu nacho unaweza kukipa rangi?"

"Rangi gani, mkuu?"

"Tufikiri kitaalamu. Aliyekufa hana njaa tena. Si kweli? Kwa upande wa njaa, amepona."

Liberati alitazama mezani. Alijua kwamba hapa sasa ndipo mahali pa kusema hapana. Hata kama alipitwa na pale pa kwanza, hapa palikuwa wazi kama mlango uliofunguliwa.

"Sawa, mkuu," akasema.

Hiyo ilichukua sekunde nne. Kanuni mpya ilisema: kikiwa kitupu, kijani.

Tangu hapo aibu ilimwingia Liberati mwilini kama homa isiyopanda wala kushuka. Simu ikilia, masikio yalimwaka moto. Aliacha kujitazama kwenye kioo cha chooni ofisini. Alinawa mikono ameinamisha kichwa. Kila Jumatatu Skolastika alisema "mfute huyu", naye alifuta, na kisanduku kikageuka kijani kibichi kizuri, kizuri kuliko vingine vyote. Hakuwa na haja ya kuhesabu, lakini alihesabu. Kufikia wiki ya tisa, Kavumo peke yake ilikuwa na vijani vitupu tisa.

*

Serikali ilitangaza Siku ya Kijani Kitaifa. Wahudumu wa vijijini kutoka wilaya zilizokuwa nyekundu zikageuka kijani walialikwa mji mkuu wapewe vyeti, na hivyo Skolastika Ndimbo akaletwa. Wakati wageni wanakaa ukumbini ghorofa ya chini, bendi inajaribu tarumbeta, yeye aliuliza kwa walinzi chumba cha mtu wa kompyuta, akapanda ngazi.

Liberati alisikia hodi, akaijua sauti kabla hajageuka.

"Mwanangu wa kompyuta! Kumbe una mvi!"

Alikuwa mfupi kuliko sauti yake, amevaa kitenge kilichopigwa pasi kwa uangalifu, mkanda wa cherehani shingoni. Alimpa kifurushi cha gazeti: mbegu za maboga zilizokaangwa. Kutoka Kavumo, ambako watu walikuwa wanakula majani. Liberati alikipokea kwa mikono miwili, akakosa mahali pa kukiweka.

"Karibu kiti, mama."

"Sikai. Nina shida moja nataka unisaidie kabla hawajaniita kule chini." Alishusha sauti, akatazama mlangoni. "Nadhani nimefanya makosa makubwa, mwanangu."

"Makosa gani?"

Alivua mkanda shingoni, akauweka mezani. Ulikuwa wa kitambaa, wa njano, umepauka, namba nyingine zimekwanguka. "Huu. Zamani nilikuwa nikikusomea kumi na moja na robo, gari linakuja. Sasa nasoma kumi, gari haliji, na mnasema watoto ni wazima mpaka mnatupa cheti. Nimewaza usiku na mchana. Nikaona labda mkanda umevutika kwa kutumika sana. Ukivutika, namba zinaachana, mkono wa mtoto unaonekana mwembamba kuliko ulivyo. Labda ninyi huku mna kipimo mnaona ukweli, na mimi nimekuwa nawatisha akina mama bure. Na hao waliokufa, labda walikufa kwa kitu kingine, na mimi nilikuwa nahangaikia njaa badala ya kuwakimbiza hospitali. Tisa, mwanangu. Silali. Una rula?"

Liberati alifungua droo. Alikuwa na rula ya chuma. Skolastika akamsaidia kuunyoosha mkanda. Waliuweka sambamba na rula, vichwa vyao vikakaribiana, wakasoma pamoja. Sentimita tano juu ya tano. Kumi juu ya kumi. Kumi na tano juu ya kumi na tano.

"Haujavutika," alisema Liberati.

"Angalia vizuri."

"Uko sawasawa, mama. Hukukosea hata mara moja."

Skolastika alishusha pumzi, mabega yakalegea. Kisha yakapanda tena polepole. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Kama mkanda ni mzima, basi kibovu ni nini?"

Bendi ilianza kupiga wimbo wa taifa kule chini. Liberati alingoja ubeti wa kwanza uishe, na wa pili, akitumaini kuwa atapatikana mtu mwingine wa kujibu.

"Ni mimi," akasema. "Niliambiwa nibadilishe rangi, nikabadilisha. Namba zako zote ziko humu kama ulivyosoma. Lakini nyekundu nimeishusha mpaka tisa. Na wakifa, wanakuwa kijani. Hiyo nayo niliiweka mimi."

Skolastika hakulia, na hakupiga kelele. Aliuchukua mkanda mezani, akaukunja taratibu kwenye vidole viwili, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ukaisha.

"Unaweza kurudisha ilivyokuwa?"

"Naweza."

"Inachukua muda gani?"

Angekuwa na uongo wowote uliobaki, angeutumia hapo. "Sekunde saba."

"Sekunde saba," alirudia Skolastika. "Wiki tisa nakupigia simu, nawe una sekunde saba."

Liberati alikaa kwenye kiti cha kuzunguka. Alifuta kanuni ya vitupu. Alifuta tisa, akaandika kumi na moja nukta tano. Akarudisha manjano. Akabonyeza. Alipogeuka, Skolastika alikuwa ameshatoka, na ngazi zilisikika akishuka, hatua moja moja.

*

Kule ukumbini Mheshimiwa Waziri alikuwa amefika kwenye sentensi isemayo "tumeutokomeza wekundu, nao hautarudi kamwe," wakati skrini nyuma yake ilipogeuka nyekundu, kuanzia kaskazini ya Jamhuri mpaka kusini. Watu wakaguna. Waziri akageuka, akatazama, akaufuta uso kwa leso. Lakini mtu hapewi wizara Shwari kwa kukosa maneno.

"Ndugu wananchi," alisema, "msishtuke! Nauliza: nyanya ikiwa kijani, tunasemaje? Ni mbichi! Na ikiiva je?"

"Nyekundu!" wakaitikia wakurugenzi wa mstari wa mbele.

"Leo, mbele ya macho yenu, Jamhuri ya Shwari imeiva!"

Makofi yalipigwa dakika sita. Bendi ikarudia wimbo wa taifa. Kesho yake magazeti yaliandika TUMEIVA kwa herufi za wino mwekundu, na ikaamriwa kwamba wilaya zilizoiva zaidi zipongezwe. Mzee Gaudensi hakusoma magazeti. Jumanne alipokea karatasi, akavaa miwani, akaona wekundu ambao hajauona tangu aajiriwe, akafungua Waraka Namba Kumi na Nne ahakikishe, kisha akatoa magari yote sita. Wizara ikayabandika mabango ya MSAFARA WA PONGEZI. Chakula dawa kikafika Kavumo na wilaya za jirani kama zawadi ya ushindi, na watoto wakakila bila kujua wanapongezwa kwa lipi. Hamza wa Mzee Timbwa alikuwa miongoni mwao.

Liberati alingoja kufukuzwa. Badala yake Bibi Auleria alimletea barua ya kupandishwa daraja na Nishani ya Kuiva, ngazi ya pili.

"Mkuu, mimi ndiye niliyeibadilisha kwanza. Watoto walikufa. Nataka niandike maelezo."

"Maelezo ya nini, mdogo wangu? Kitaifa haya ni mafanikio. Ukikiri kosa, unamwondolea Mheshimiwa mafanikio yake."

Akaomba kujiuzulu. Ofisi ya utumishi ikamrudishia fomu, kwa sababu alipoulizwa sababu aliandika *aibu*. Fomu ya kujiuzulu ya Shwari ina sababu tatu tu: ugonjwa, masomo na kumfuata mwenza. Karani alimshauri achague ugonjwa. Liberati akaikunja fomu, akaomba likizo ya siku saba, ambayo haikuhitaji sababu.

*

Skolastika alimpokea Kavumo kituoni. Hakumkaribisha kwake. Alimwitikia salamu, akatangulia njiani, na walipofika karibu na nyumba ya Somoe alisimama.

"Ni ile pale. Mimi siingii."

Somoe alikuwa uani anapura mtama kidogo uliookolewa, mtoto mwingine amemfunga mgongoni. Alikuwa mdogo sana, hata miaka ishirini na mitano hakufika. Alimletea mgeni kigoda, akaendelea na kazi. Liberati alikuwa ameandaa hotuba njia nzima. Ilikuwa na maneno kama masikitiko, na mazingira ya kazi, na shinikizo kutoka juu. Alianza nayo. Somoe alipura, akapepeta, akapura.

Hotuba ilipokwisha, aliweka ungo chini.

"Sijaelewa mambo ya rangi," alisema. "Unasema mwanangu angeletewa chakula, hakuletewa kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

"Lile gari lililokuja kumwita, ni lako?"

"Ndiyo."

Mtoto mgongoni alijigeuza, akalala tena.

"Na hao wengine wanane umeshawaambia?"

Liberati hakutegemea swali hilo. Alikuwa amekata tiketi ya kurudi alasiri ileile. Kusema kweli alikuja kwenye nyumba hii moja tu, kwa kuwa jina la Tausi ndilo lililokuwa likimjia kichwani.

"Bado," akasema.

"Basi usinitwike mimi peke yangu mzigo wako, kaka. Mimi wangu unanitosha." Alinyoosha mkono uliojaa makapi. "Pale penye ua wa mabua ni kwa mama Kidawa. Mwahi, saa hizi anatoka kwenda kuchimba mizizi. Ukitoka hapo uliza kwa Mzee Likomba. Kila nyumba utaelekezwa nyingine."

Aliinama, akaokota ungo wake.

Liberati alisimama, akarudisha kigoda ukutani. Skolastika alimwona akikata njia kuelekea ua wa mabua, akamfuata kwa mbali, tiketi ya alasiri ikiisha muda wake mfukoni mwa Liberati. Kwa mama Kidawa alitoa hotuba yote, na mama huyo akapiga kelele. Kwa Mzee Likomba alitoa nusu, kwa sababu mzee hakumwacha amalize, alimfukuza kwa fimbo mpaka njiani. Nyumba ya nne mlango ulifunguliwa na bibi kikongwe asiyeona vizuri, akauliza ni nani huyo, na Liberati akatafuta ile hotuba asiione. Ilikuwa imebaki sentensi moja.

"Shikamoo bibi," akasema. "Ni mimi niliyezuia gari."